Mwili Unapopigana na Viungo Vyake: Somo Kuhusu Ugonjwa wa Lupus

Na Frateri wa mwaka wa tatu wa Falsafa



Mpendwa msomaji, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mazinde, wilayani Korogwe. Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa jumuiya yetu alinivuta kando chini ya mwarobaini akaniuliza: "Frateri, wewe unayesoma, hebu niambie. Huu ugonjwa wa mama yako mdogo ni wa hospitali au ni wa kutumwa?"

Nikamjibu haraka kwamba ni wa hospitali.

"Sawa," akasema. "Malaria ina mdudu wake. Kifua kikuu kina mdudu wake. Ukimwi una virusi. Huyu wamempima Moshi, mdudu hawakumwona. Ugonjwa usio na mdudu si una mtu?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi seminari nilitafuta vitabu, nikamsumbua daktari mmoja anayetusaidia hapa, nikasoma nilichoweza kuelewa. Makala haya ni jibu langu kwa mama yule, na kwa yeyote mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani.

1. Yaliyotupata nyumbani

Mama mdogo ana miaka 31, na huimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Ameniruhusu kusimulia mradi nisitaje jina lake. Ilianza kwa vidole kuuma asubuhi, hata akashindwa kufungua mfuniko wa ndoo. Zikafuata homa za jioni. Katika kituo kimoja cha afya alitibiwa malaria mara 4 ndani ya miezi 5, na taifodi mara 2. Sisi watu wa tambarare tumezoea kuiita kila homa malaria.

Baadaye nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Akapata vidonda mdomoni visivyouma. Mashavuni ukatokea wekundu uliovuka juu ya pua, umbo lake kama kipepeo aliyetandaza mabawa, na akitoka juani unazidi. Wengine wakasema anatumia mkorogo. Miguu ilipoanza kuvimba na mkojo kutoka povu, maneno yakabadilika.

Jirani yetu mmoja, bibi mjane, alikuwa amegombana na mama mdogo juu ya mpaka wa shamba. Watu wakaunganisha hili na lile. Zamu ya kusali nyumbani kwa yule bibi ilipofika, sisi wanajumuiya hatukwenda. Neno "mchawi" halikutamkwa na mtu. Kila mmoja alipata udhuru tu. Nami nilikuwepo likizo hiyo, na nilipata udhuru wangu.

Huko Moshi walipima damu na mkojo. Daktari akasema ni lupus, na kwamba figo zimeanza kuguswa.

2. Lupus ni nini, na si nini

Waliopita seminari ndogo wanakumbuka neno hili kutoka somo la Kilatini: lupus ni mbwa mwitu. Waganga wa Ulaya wa Zama za Kati waliwapa jina hilo wagonjwa wenye vidonda vya uso, kwa sababu waliona kama mnyama ameutafuna uso. Jina limebaki, lakini mnyama hahusiki hata kidogo.

Lupus ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia ngozi, viungo, damu, figo, moyo, mapafu, hata ubongo wa mwenye mwili. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na wengi huanza kuugua katika umri wa kuzaa.

Tuondoe makosa mawili mapema. Kwanza, lupus haiambukizi. Haipiti kwa kikombe, kwa kitanda, kwa kumnyonyesha mtoto wala kwa kupeana mkono wa amani. Pili, lupus si Ukimwi. Katika Ukimwi virusi huua askari wa mwili hadi mwili unabaki bila ulinzi. Katika lupus askari wapo tele, ila wamekosea adui.

3. Amani ya mwili hulindwaje?

Sisi wanafunzi wa falsafa tunafundishwa kutafuta kwanza swali sahihi. Nilikuwa nimeuliza: kwa nini mwili hujishambulia? Wataalamu wanaanza upande wa pili: kwa nini kwa kawaida haujishambulii?

Sababu ya swali hilo ni hii. Mwili haujui ni kijidudu gani kitakuja kesho. Kwa hiyo hutengeneza askari wa aina nyingi mno, kila mmoja akiwa na umbo lake la kunasa kitu. Maumbo hayo hupatikana kwa kuchanganya vipande vya vinasaba kwa bahati nasibu, kama mtu anayechanganya karata. Ukichanganya kwa bahati nasibu, lazima watatokea askari wanaonasa kijidudu cha kesho, na lazima watatokea wanaonasa mwili wako mwenyewe. Hakuna mtu aliyezaliwa bila hao wa pili. Mimi ninao, nawe unao.

Mjerumani Paul Ehrlich aliliona tatizo hili mwanzoni mwa karne ya 20, akalipa jina la Kilatini: horror autotoxicus, yaani hofu ya mwili kujitia sumu wenyewe. Wengi walimwelewa kana kwamba alisema jambo hilo haliwezekani. Lakini yeye alisema kwamba lazima mwili uwe na njia za kulizuia. Njia hizo zimechukua miaka mingi kujulikana.

Mwaka 1945, Ray Owen wa Marekani aliwachunguza ndama mapacha ambao damu zao zilichanganyika tumboni mwa mama. Kila mmoja alikuwa amebeba chembe za damu za mwenzake maishani bila kuzishambulia. Kwa hiyo mwili hujifunza mapema nani ni wa nyumbani, na aliyekuwepo wakati wa kujifunza anahesabiwa kuwa wa nyumbani. Mwaka 1960 Frank Macfarlane Burnet na Peter Medawar walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi juu ya jambo hili, ambalo huitwa uvumilivu wa kinga. Uvumilivu huu haumaanishi udhaifu: ni uwezo wa mwenye silaha kutoitumia dhidi ya ndugu yake.

Unalindwa na walinzi kadhaa. Nitaje watatu.

Mlinzi wa kwanza ni shule. Askari waitwao seli T hulelewa katika tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, iitwayo thimasi. Humo huonyeshwa vipande vya protini za mwili mzima, hata za viungo vilivyo mbali kama kongosho. Anayeshika vipande hivyo kwa nguvu mno haruhusiwi kutoka. Walio wengi sana huishia humo humo. Mafrateri wenzangu wataelewa mfano huu: ni nyumba ya malezi yenye mchujo mkali, ila asiyefaa harudishwi kwao, anakufa. Askari wengine, seli B, ndio watengenezaji wa kingamwili, yaani protini zinazosafiri katika damu na kunasa maadui. Hao huchujwa katika uboho wa mifupa, na baadhi hupewa nafasi ya kubadili umbo lao kabla ya kukataliwa.

Mlinzi wa pili ni breki. Hakuna shule isiyopitisha mwanafunzi asiyestahili, na baadhi ya askari hatari hufika mitaani. Huko wanakuta vizuizi. Seli T haianzi vita kwa kuona adui tu. Inahitaji ishara ya pili, inayothibitisha kwamba kuna hatari kweli. Ikikosa ishara hiyo inazizima. Zipo pia seli T za pekee ambazo kazi yao ni kutuliza wenzao. Kwa ugunduzi wa seli hizo na jeni inayoziongoza, Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Seli B nazo zina kipokezi juu ya ngozi yao kinachofanya kazi ya breki: kikihisi kwamba kingamwili zimekwisha kumshika adui, kinaiambia seli, "Inatosha." Tukumbuke kipokezi hiki, maana tutakirudia.

Mlinzi wa tatu ni usafi. Kila siku seli zetu nyingi mno hufa kwa utaratibu na nafasi zao huchukuliwa na mpya. Ndani ya kila seli kuna kiini chenye DNA, na kwa kawaida kinga haikutani na DNA hiyo nje ya seli. Kwa hiyo maiti za seli lazima ziondolewe haraka, kabla hazijapasuka na kumwaga vilivyomo. Kazi hiyo hufanywa na seli zinazomeza taka, zikisaidiwa na protini za damu ziitwazo komplimenti, ambazo huzitia alama maiti.

4. Amani inavyovunjika

Katika lupus, ulinzi huu unalegea mahali zaidi ya pamoja, nao ulegevu mmoja unauita mwingine.

Tuanze na usafi. Jua kali likiunguza ngozi, seli nyingi hufa kwa wakati mmoja. Zisipozolewa upesi, zinapasuka na vilivyomo vinamwagika. Umuhimu wa kazi hii unaonekana kwa watu wachache waliozaliwa bila protini moja ya komplimenti, iitwayo C1q: karibu wote hupata lupus au ugonjwa unaofanana nayo.

Sasa DNA iko nje, mahali pasipo pake. Ndani ya seli za kinga kuna vifuko vidogo vyenye asidi, na ndani ya vifuko hivyo kuna vihisio vinavyotambua vinasaba vya virusi na bakteria. Kihisio kikiletewa vinasaba vya mwili vilivyoshikana na kingamwili, kinadanganyika na kupiga king'ora cha virusi. King'ora hicho ni protini iitwayo interferoni. Mtu anaumwa mwili mzima kama mwenye mafua makali au malaria, kwa sababu mwili unaamini kuna maambukizi. Ndiyo maana mama mdogo alitibiwa malaria mara 4: homa yake ilikuwa ya kweli.

King'ora kikilia, ile ishara ya pili inapatikana bure. Askari waliokuwa wamezizima wanaamka. Seli B zinatengeneza kingamwili dhidi ya DNA ya mwenye mwili. Kingamwili hizo zikishikana na DNA zinakuwa mabonge madogo yanayosafiri na damu, mpaka yananasa kwenye vichujio vya figo. Hapo yanawasha moto. Vichujio vinatoboka, protini inavuja, mkojo unatoka povu, miguu inavimba. Uharibifu huo unaua seli zaidi, DNA zaidi inamwagika, na mduara unaanza upya.

Tunaoishi chini ya milima ya Usambara tuna mfano wake. Basi linaposhuka kutoka Soni kuja Mombo, abiria haombi injini ipate nguvu zaidi, anaombea breki. Mteremko upo siku zote na gari ni zito siku zote. Ajali haihitaji adui wa kulisukuma gari, inatosha breki ilegee.

5. Kilifi, Korogwe na malaria

Hapa nilikuta jambo ambalo sikulitegemea, na linatuhusu sisi watu wa tambarare.

Mwaka 1968, daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yanaonekana kwa nadra katika wodi za huko. Alijiuliza kama maambukizi ya mara kwa mara, malaria ikiwamo, yanaituliza kinga. Mwaka 1970 yeye na wenzake waliripoti kwamba panya wa aina inayopata ugonjwa unaofanana na lupus walipona au walichelewa kuugua walipoambukizwa malaria ya panya. Hata hivyo, watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Ulaya na Marekani huugua lupus zaidi kuliko Wazungu wa nchi hizo hizo. Na Afrika yenyewe, pasipo vipimo wala mabingwa, wagonjwa wengi huhesabiwa kuwa wa malaria, wa baridi yabisi au wa kurogwa. Nadra ya kuandikwa si lazima iwe nadra ya kuugua.

Sasa twende Kilifi, pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa. Kilifi na Korogwe zimefanana kwa malaria hata zikashiriki pamoja katika majaribio ya chanjo ya RTS,S kwa watoto, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Miaka 2 baadaye, mwaka 2010, ulichapishwa utafiti mwingine uliotumia damu za watoto wa Kilifi. Ulichunguza kile kipokezi cha breki cha seli B nilichosema tukikumbuke. Kinaitwa FcγRIIb. Wapo watu wenye badiliko dogo katika jeni yake, na badiliko hilo linailegeza breki. Utafiti ulionyesha kwamba watoto waliorithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama pia walikuwa na kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria kali. Na badiliko hilo hilo, kwa watu wa Asia na wa Ulaya, limehusishwa na kuugua lupus.

Tayari tunajua kisa cha namna hiyo. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja analindwa dhidi ya malaria, ingawa anayeirithi kwa wazazi wote wawili anaugua. Vivyo hivyo hapa. Mahali ambapo mbu ameua watoto kizazi baada ya kizazi, mtoto mwenye breki nyepesi alikuwa na nafasi ya kuishi, akakua, akawarithisha wanawe. Kilichomwokoa bibi wa bibi yako katika homa ya utoto kinaweza kuwa sehemu ndogo ya kinachomtesa mjukuu leo.

Nasema sehemu ndogo kwa makusudi. Badiliko hili ni moja kati ya mengi sana yanayochangia. Wengi wanalo na hawaugui kamwe, na wengi wanaugua bila kuwa nalo. Pia zinaingia homoni, jua, maambukizi na bahati. Wala mtu asitupe chandarua kwa kusoma makala haya! Malaria ingali inaua watoto wetu, na hakuna mzazi anayemkinga mwanawe na lupus kwa kumwachia mbu.

6. Dawa tuliyoidharau

Daktari alimwanzishia mama mdogo dawa za kutuliza kinga, na pamoja nazo kidonge kiitwacho hidroksiklorokwini. Wazee wetu waliposikia jina hilo walishtuka. "Klorokwini? Si ile iliyokuwa inatuwasha mwili mzima, serikali ikaiacha?" Ni kweli, mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea walikuwa wameizoea. Tukaingia SP, na mwaka 2006 tukaingia dawa ya mseto.

Nasema kwa aibu kwamba sisi wenyewe nyumbani ndio tuliomwambia mama mdogo aache "dawa ya malaria iliyopitwa na wakati". Alikaa wiki 6 bila kuimeza. Miguu ikavimba tena.

Hatukujua kwamba tangu mwaka 1894 Joseph Payne wa London alikuwa ameeleza manufaa ya kwinini kwa wagonjwa wa lupus. Hatukujua pia dawa hii inafanyaje kazi. Klorokwini hupenda kujikusanya mahali penye asidi. Kimelea wa malaria ana kifuko chenye asidi anamomeng'enyea damu yetu, na dawa humwua humo. Seli zetu za kinga nazo, kama tulivyoona, zina vifuko vyenye asidi vyenye vihisio vya virusi. Hidroksiklorokwini ikiingia humo, asidi inapungua na vihisio vinanyamaza, hivyo king'ora cha uongo kinapungua. Kimelea amejifunza kuitoa dawa kifukoni mwake, lakini seli zetu hazijifunzi hivyo. Ndiyo maana dawa iliyoshindwa kwa malaria haijashindwa kwa lupus.

Mwandishi Mkatoliki wa Marekani, Flannery O'Connor, aliugua lupus kama baba yake kabla yake, akafariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Leo wagonjwa wengi wanaotambuliwa mapema na kufuata matibabu wanaishi miaka mingi, wanafanya kazi, wanazaa na kulea. Huko Erlangen, Ujerumani, timu ya Georg Schett ilieleza mwaka 2022 wagonjwa 5 wa lupus kali ambao seli zao B zilifutwa zote kwa kutumia seli T zilizofundishwa upya maabara. Baada ya miezi kadhaa seli B mpya zilizaliwa, na ugonjwa ukabaki umetulia bila dawa. Matibabu hayo yako mbali sana na mfuko wa mtu wa Mazinde, lakini yanaonyesha kwamba uvumilivu uliopotea unaweza kujengwa upya.

7. Je, nani kautuma?

Narudi kwa swali la mama wa chini ya mwarobaini. Hoja yake ilikuwa na hatua mbili: kila ugonjwa una kitu kilichoingia kutoka nje, hiki cha nje kama si mdudu, ni mtu. Darasani tungesema hoja yenyewe imepangika, bali kauli ya kwanza ndiyo yenye kasoro.

Mtakatifu Augustino, na baada yake Mtakatifu Tomaso wa Akwino, wanatufundisha kwamba ubaya si kitu kinachosimama chenyewe. Ni ukosefu wa jema linalopaswa kuwepo. Upofu hauingii jichoni kama kibanzi; ni kukosekana kwa uoni mahali ulipostahili kuwa. Nilipoisoma nadharia hii mwaka wa kwanza niliiona kavu. Nilipoyasoma habari za lupus nikaielewa. Kingamwili za mama mdogo ni njema kwa asili yake. Interferoni ni njema, imemkinga na mafua tangu utoto. Hata king'ora ni chema. Kilichokosekana ni utaratibu: kusafisha kwa wakati, kusimama inapotosha, kumtambua wa nyumbani. Kisichokuwepo hakihitaji mtu wa kukituma.

Mtu anaweza kuniambia, "Frateri, umeeleza namna, hujaeleza kwa nini yeye na si mwingine." Ni kweli. Sehemu ya jibu ni urithi, sehemu ni jua na maambukizi, na sehemu ni bahati ambayo hakuna kipimo kitakachoitaja jina. Pengo linabaki hapo. Wanafunzi wa Yesu nao walilikuta, katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, walipotaka kujua nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye Yesu hakukubali kumtaja mwenye hatia. Tusilijaze pengo hilo kwa jina la jirani.

Maana sisi tulilijaza. Kosa la kinga ya mama mdogo tulilirudia sisi jumuiya: tulisikia king'ora, tukamgeukia mtu wa nyumbani kwetu.

8. Mambo ya kushika

Kwa familia na jumuiya zetu, nashauri haya:

Homa inayorudi rudi huku kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, hasa kwa mwanamke kijana mwenye maumivu ya viungo, wekundu wa mashavu, kunyonyoka nywele, vidonda vya mdomo au mkojo wa povu, isitibiwe kwa kubahatisha. Aombe rufaa. Kipimo cha mkojo ni rahisi na kinaweza kuokoa figo.

Baadhi ya wagonjwa wa lupus wakipimwa kaswende kwa kipimo cha VDRL huonekana wanayo wakati hawana. Ndoa zisivunjwe kwa jibu moja. Kipimo cha kuthibitisha kifanyike.

Dawa zisiachwe wala kuanzwa kwa ushauri wa jirani. Za jamii ya prednisoloni zikikatwa ghafla zinaweza kuhatarisha maisha. Anayetumia hidroksiklorokwini apimwe macho kama daktari atakavyopanga. Anayetaka ujauzito azungumze na daktari kabla.

Mgonjwa ajikinge na jua: shambani mapema asubuhi, mikono mirefu, kofia pana au mwavuli. Tukimwona na mwavuli mchana wa kiangazi, tusimcheke.

Na tumwombee bila kumwambia kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatutaka tumheshimu tabibu, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu.

9. Hitimisho

Siku tatu kabla ya kurudi seminari, mama mdogo aliomba zamu iliyorukwa irudishwe. Tulikwenda kusali kwa yule bibi. Hatukwenda wote. Mama mdogo alitembea na mwavuli wake ingawa jua lilikuwa limeshashuka. Bibi alitoa viti vyote alivyokuwa navyo, na vilivyopungua akatandika mkeka. Hakuuliza kwa nini hatukuja mara ile. Mama yule wa chini ya mwarobaini alikuwepo, nikamwambia wakati wa kutoka kwamba bado ninatafuta jibu lake, lakini nimekwisha kujua kwamba jibu si mtu.

Sasa jibu kamili ni hili, mama: hauna mdudu na hauna mtu. Ni breki zilizolegea, na dawa ya kuzisaidia ipo.

Maswali ya kutafakari

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mtu ambaye nyumba yake tumeiruka kwa sababu ya ugonjwa wa mwingine?

2. Je, tunamsaidiaje mgonjwa wa muda mrefu kufika kliniki na kumeza dawa zake, mbali na kumwombea?

3. Mt. Paulo katika sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho anazungumzia viungo vingi vya mwili mmoja. Ugonjwa wa lupus unatufundisha nini juu ya maneno hayo?

Mungu awabariki nyote.